Tumbo lisilotulia: ni siliaki, ni maziwa, au ni kichocho?

Usiache chapati bado. Najua ushauri huu unaudhi, hasa kama umeshaona kwamba ukila chapati na kuku Jumapili, Jumatatu unashinda chooni. Lakini kipimo cha ugonjwa wa siliaki husoma alama ambazo mwili hutoa wakati bado unakula ngano. Ukiiacha wiki kadhaa ndipo uende maabara, alama hizo zitakuwa zimeshuka, majibu yatarudi safi, na utabaki na tumbo lako pamoja na karatasi inayosema huna kitu.

Siliaki si mzio wa kawaida. Ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai zina protini inayoitwa gluteni. Mtu mwenye siliaki akila gluteni, kinga yake ya mwili hugeuka na kuushambulia utumbo wake mwenyewe, ule mwembamba. Ukuta wa ndani wa utumbo huo una vijidole laini vilivyosimama kama nyuzi za taulo, na ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikishambuliwa kila siku hulala, hufupika na hatimaye kuisha. Unakula vizuri, ila madini ya chuma, foleti, kalsiamu na mafuta yanapita bila kuingia mwilini.

Kwa makadirio ya dunia, mtu 1 hivi kati ya 100 anao. Barani Afrika unajulikana zaidi upande wa kaskazini. Miongoni mwa watoto wa Kisaharawi, wenyeji wa Sahara Magharibi, uchunguzi ulikuta zaidi ya 5 katika kila 100. Huku kwetu Kisumu, Kakamega au Nakuru jina lenyewe halitajwi sana kliniki. Mtu hutibiwa amiba, mwezi ujao taifodi, mwezi wa tatu alsa, kisha anarudishwa kwenye amiba.

Ukweli una pande mbili na zote mbili uzishike. Wengi wenye tumbo sugu eneo hili hawana siliaki. Wana kitu cha kawaida zaidi ambacho hakijatafutwa vizuri. Ila aliyetibiwa kitu kilekile mara ya tatu bila kupona anastahili kupimwa damu kwa ajili ya siliaki angalau mara moja.

Anza kwa kuhesabu ngano unayokula

Watu wengi wa magharibi ya Kenya hawali ngano nyingi kama wanavyodhani. Jioni ni ugali, na sukuma, omena au mrenda. Mchana githeri au wali. Ngano huingia asubuhi na wikendi, na hapo ndipo maswali ya kliniki yanapopaswa kuanzia:

"Mama, asubuhi unakunywa chai na nini?"

"Na mkate tu, daktari. Siku nyingine mandazi."

"Chai ya maziwa?"

"Eeh, ya maziwa. Ya rangi mimi hainipiti kooni."

"Na tumbo linaanza saa ngapi?"

"Nikifika tu steji ya Kondele, linaanza kuunguruma."

Hapo washukiwa ni wawili, mmoja kikombeni na mwingine sahanini, na mama amemshika wa sahanini peke yake kwa sababu amesikia habari za ngano. Watu wazima wengi hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa wanapokua. Wanaotoka jamii za wafugaji, kama Wakalenjin na Wamaasai, mara nyingi hubaki nao, ila ukoo wako hauwezi kukuhakikishia. Dalili za maziwa huja ndani ya saa chache: gesi, tumbo kuunguruma, choo chepesi. Hazileti upungufu wa damu wala kukondesha.

Jaribio lake ni rahisi na halivurugi kipimo cha siliaki: acha maziwa, mkate usiuguse. Kunywa chai ya rangi na mkate uleule kwa wiki mbili. Tumbo likitulia, mshukiwa ni maziwa. Ukitaka uhakika zaidi, onja maziwa lala au mursik baada ya hapo. Bakteria wa kugandisha huwa wamekula sehemu ya ile sukari, kwa hivyo wengi wanaoshindwa na maziwa yasiyogandishwa huyamudu haya.

Kisha jiulize kuhusu ugali. Mahindi hayana gluteni inayosababisha siliaki. Mtama hauna, wimbi hauna, muhogo hauna. Anayeniambia kwamba ugali unamvimbisha sawasawa na chapati ananipa sababu ya kuangalia kwingine kabla ya siliaki. Aliyekaa Butere miaka yote akila ugali wa wimbi na viazi vitamu bila shida, kisha akahamia Nakuru mjini na kuanza kuishi kwa mkate asubuhi, mandazi saa nne na chapo ndengu mchana, halafu mwili ukaanza kuisha, huyo ana hadithi inayostahili kufuatwa.

Unaharisha kwa wiki au miezi

Anza na vimelea, na uanze kwa kipimo badala ya vidonge. Giardia na amiba huenezwa na maji na mikono, na sampuli moja ya choo kikubwa inaweza kuwakosa kabisa. Omba upeleke sampuli tatu za siku tofauti. Ni usumbufu, najua, kutembea na kile kikopo kwenye matatu, lakini hakuna namna nyingine.

Kama unaishi au umekulia karibu na ziwa, yaani ufuo wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia au visiwani, kichocho cha utumbo kiwe juu kwenye orodha. Konokono wa majini hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu anayevua, anayeoga au anayefua. Huleta maumivu ya tumbo, kuharisha, wakati mwingine damu kwenye choo, na kikikaa miaka huumiza ini na kuvimbisha bandama. Dawa yake ni prazikwanteli. Hata hivyo kutibiwa shuleni ukiwa mtoto hakukukingi leo ikiwa bado unaingia majini.

Pima virusi vya ukimwi. Liseme hili bila kupepesa macho: kuharisha kwa zaidi ya mwezi pamoja na kukonda ni dalili ambayo kila kliniki hapa inapaswa kuitafutia jibu hilo mapema, na kipimo ni cha dakika chache. Kifua kikuu nacho kinaweza kukaa tumboni bila kikohozi. Homa za jioni na jasho la usiku ndizo hukitoa mafichoni.

Kuhusu taifodi, homa ya taifodi haikai miezi minane ikija na kuondoka. Kile kipimo cha haraka cha damu kinachofanywa kwenye maabara nyingi za mtaani, cha Widal, husoma kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu), na kingamwili hubaki baada ya maambukizi ya zamani. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu. Ukipewa karatasi ya "taifodi" kwa mara ya nne mwaka mmoja, shaka iwe kwa kipimo.

Mtego mwingine ni nafuu ya muda. Unameza metronidazoli, unapata wiki mbili za amani, basi unaamini ilikuwa amiba. Dawa hiyo hupunguza pia bakteria waliozidi kwenye utumbo mwembamba, jambo ambalo linaweza kumpata mtu mwenye siliaki. Kupata nafuu kwa hiyo si ushahidi wa amiba.

Choo cha siliaki, kinapokuwa cha kawaida ya vitabu, ni cha rangi iliyopauka, kingi, chenye harufu kali na kinachoelea kwa sababu ya mafuta. Anayetumia choo cha shimo hataona lolote kati ya hayo, na hiyo ni sababu moja dalili hii haitajwi. Tena wapo wagonjwa wanaofunga choo badala ya kuharisha, na wengine hawana shida yoyote ya tumbo.

Kiungulia na maumivu juu ya kitovu

Hapa mshukiwa mkuu ni bakteria wa tumbo, H. pylori, ambao wengi wetu tunaishi nao. Kipimo cha choo ni bora kuliko cha damu, maana cha damu hakitofautishi maambukizi ya sasa na ya zamani. Acha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, wiki 2 kabla ya kupima, na uwe umemaliza antibiotiki wiki 4 kabla, kwa kushauriana na aliyekuandikia.

Ikifikia kuingizwa kamera tumboni, sema mapema kabla hujalala kwenye kile kitanda: "Naomba mchukue na vipande vya utumbo mwembamba, tunashuku siliaki." Kamera ni ileile na safari ni moja. Daktari anayetafuta vidonda anaweza kuangalia, akaona ukuta unaonekana sawa, akaitoa bila kuchukua kipande. Siliaki mara nyingi haionekani kwa macho. Vinatakiwa angalau vipande 4 kutoka sehemu ya pili ya duodeno (kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba) na kimoja au viwili kutoka mwanzo wake.

Damu haipandi

Kwa maoni yangu hii ndiyo dalili yenye thamani kubwa kuliko zote katika mazingira yetu, na ndiyo inayopuuzwa. Mtu anapewa vidonge vya madini ya chuma, anavimeza miezi mitatu, anapimwa, damu iko palepale. Anaambiwa ale managu zaidi.

Ondoa kwanza sababu zinazojulikana. Safura, minyoo wanaonyonya damu utumboni, bado wako kwenye mashamba yenye unyevunyevu. Hedhi nzito inatosha yenyewe kumaliza akiba ya chuma, na wanawake wengi huiona ya kawaida kwa sababu mama zao walikuwa hivyo hivyo. Malaria ya mara kwa mara hushusha damu. Seli mundu ni ya kawaida ukanda huu wa ziwa na magharibi, na wengine hugunduliwa wakiwa wakubwa; kama una historia ya maumivu ya mifupa na macho ya manjano, upimwe.

Halafu angalia jinsi unavyomeza dawa. Chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, na sisi tunameza kidonge kwa kile kikombe cha asubuhi. Kimeze kwa maji, pamoja na chungwa au pera, mbali na chai kwa saa moja au mbili. Kidonge cha kupunguza asidi ya tumbo nacho, kama omeprazoli, hupunguza ufyonzaji.

Ukishafanya hayo yote kwa uaminifu, minyoo imetibiwa, hedhi imedhibitiwa, dawa unameza ipasavyo, na feritini (kipimo cha akiba ya chuma) bado iko chini, basi kuna kitu kinazuia utumbo kufyonza chuma au kuna mahali unapovuja damu. Siliaki iingie kwenye orodha hata kama hujawahi kuharisha. Kwa mwanamume au mama aliyekoma hedhi, daktari atataka pia kuangalia utumbo mpana kwa ajili ya saratani, wala asiahirishe.

Dalili za mbali na tumbo

Nitazipitia haraka. Upele wa malengelenge madogo yenye kuwasha vibaya kwenye viwiko, magoti na matako, ukitokea pande zote mbili za mwili, unaweza kuwa siliaki ya ngozi. Upele wa kawaida wa kuambukizana hupenda katikati ya vidole na vifundo vya mikono, na nyumba nzima hujikuna. Vidonda vya mdomoni visivyoisha, ganzi ya miguu, mifupa kuvunjika kirahisi, mimba kuharibika mara kwa mara bila sababu, yote yanaweza kuhusika.

Mtoto ni suala tofauti kidogo. Mtoto mwenye siliaki huacha kukua, tumbo linatokeza, mikono na matako yanakonda, na anakuwa mnung'unikaji. Huku kwetu picha hiyo huitwa utapiamlo, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Utapiamlo usioitikia chakula cha lishe, hasa kama dalili zilianza baada ya kuingizwa kwenye uji uliochanganywa na ngano, au mkate na biskuti, unahitaji jicho la pili. Wenye kisukari cha aina ya kwanza, ugonjwa wa tezi dundumio, ile ya shingoni, unaotokana na kinga ya mwili kuishambulia, na wenye hali ya Down wako kwenye hatari zaidi. Kadhalika mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wa mgonjwa: takriban 1 kati ya 10 wao hukutwa nao.

Usisubiri jaribio lolote kama unakonda bila kutaka, choo kina damu au ni cheusi kama lami, unaamka usiku kuharisha, chakula kinakwama ukimeza, au shida ilianza ukiwa umeshapita miaka 50. Kukwama kwa chakula kusichukuliwe mzaha kabisa. Saratani ya umio inajulikana vizuri magharibi ya Bonde la Ufa.

Kipimo chenyewe

Kinaitwa tTG-IgA. Kiandike hivyo hivyo kwenye karatasi, uombe pia IgA jumla, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina ya IgA. Hiyo ya pili ina kazi yake: baadhi ya watu mwili wao hautengenezi IgA ya kutosha, na kwao tTG-IgA itasoma chini hata utumbo ukiwa umeharibika. Wao hupimwa kwa vipimo vya IgG, aina nyingine ya kingamwili, badala yake.

Hospitali za rufaa, kama Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, hospitali ya kaunti ya Nakuru au ya Moi kule Eldoret, ndizo za kuulizia. Maabara ya binafsi inaweza kukutoa damu hapa na kuituma mbali, kwa hivyo uliza bei na siku za kusubiri kabla ya sindano, na uliza bima yako ya afya ya SHA inabeba nini.

Sasa lile la ngano. Kwa wiki zisizopungua 6 kabla ya kutolewa damu, ule ngano kwenye zaidi ya mlo mmoja kila siku: mkate asubuhi, chapati jioni, inatosha. Mwenzetu anayekula ugali siku sita na chapati moja Jumapili yuko katika hatari ya kupata majibu ya uongo bila kujua, maana kwa kweli hajawahi kula ngano ya kutosha kuamsha kipimo. Kama tayari uliiacha na kuirudia kunakuumiza sana, usijilazimishe peke yako. Panga na daktari.

Majibu yakiwa juu, hasa juu sana, utapelekwa kwenye kamera na vipande. Usianze kuacha ngano kati ya hapo. Kwa watoto wenye majibu ya juu kupita mara 10 ya kiwango cha kawaida, miongozo ya Ulaya inaruhusu kuthibitisha kwa sampuli ya pili ya damu bila kamera. Majibu ya juu kidogo tu hurudiwa. Majibu ya chini, IgA ikiwa sawa na ngano ulikula, yanaiondoa siliaki karibu kabisa.

Ukiletewa majibu ya vipande yanayosema vijidole vimelala, hiyo peke yake haitoshi kwetu. Giardia huvilaza. Virusi vya ukimwi na magonjwa mengine ya utumbo ya nchi za joto pia. Ndiyo maana damu na vipande vinasomwa pamoja, na ndiyo maana kutibu vimelea kwanza si kupoteza wakati. Vikibishana, kuna kipimo cha vinasaba, HLA-DQ2 na DQ8. Usipokuwa navyo, siliaki karibu haiwezekani. Ukiwa navyo, haijathibitisha chochote. Watu wengi wazima wa afya wanavyo.

Vile vipimo vya mtandaoni vya "vyakula 200 visivyokufaa", vinavyosoma IgG za kila chakula, hela yake nunua samaki.

Majibu safi, ngano bado inakusumbua

Hutokea sana. Ngano ina aina ya wanga uitwao frukitani ambao utumbo haumeng'enyi vizuri, na bakteria huuchachusha na kutoa gesi. Kitunguu na kitunguu saumu vinao pia, na maharagwe yana wanga wa jamaa yake. Kama githeri yenye kitunguu kingi hukufanyia sawa na chapati, mwelekeo ni huo, na jina ambalo daktari atalitumia pengine ni utumbo wenye hisia kali. Hapo punguza ngano kadiri unavyopata nafuu. Chembe ya mkate kwenye kisu haitakudhuru.

Ikithibitishwa kuwa siliaki

Hapo chembe inadhuru, na ni maisha yote. Lakini chakula cha hapa ni rafiki: ugali, wimbi, mtama, muhogo, nduma, viazi vitamu, matoke, wali, maharagwe, kunde, omena, samaki, mayai, nyama. Hata busaa ya unga wa mahindi na kimea cha wimbi haina gluteni, wakati bia ya shayiri inayo.

Mitego iko pembeni. Samaki wa kukaanga aliyepakwa unga wa ngano. Chipsi zilizopikwa kwenye mafuta ya sambusa. Soseji. Unga wa uji wa mchanganyiko. Soma pakiti, au changanya mwenyewe. Na wakwe watasema nini Krismasi ukikataa chapati, hilo pia lijiandalie.

Nafuu ya tumbo huja ndani ya wiki kadhaa, ila kwa mtu mzima utumbo wenyewe huchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kupona. Damu hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12 pamoja na chuma, foleti na vitamini D. Ikiwa tTG haishuki na unaapa hujagusa ngano, ulizia mahali unaposagisha. Pande za Njoro na Mau Narok, ambako ngano iko mashambani, kinu cha posho kinachosaga mahindi yako huenda kimetoka kusaga ngano ya jirani dakika tano zilizopita, na unga wa mwanzo kwenye gunia lako ni wake.